Kwa nini antibayotiki inambana bakteria na kukuacha wewe? Jibu liko kwenye ribosomu

Umeandikiwa doksisaiklini au azithromaisini. Unameza kidonge, dawa inaingia kwenye damu na kusambaa mwilini. Inawafikia bakteria wanaokuumiza, na inazifikia pia seli zako mwenyewe. Bakteria wanashindwa kukua na kuzaliana, kinga ya mwili inawamalizia. Seli zako zinaendelea na kazi kama kawaida.

Sasa dawa imejuaje nani mwenyeji na nani mvamizi?

Haijui. Kinachokulinda ni umbo la kitu kidogo sana kinachoitwa ribosomu. Wewe unazo, bakteria naye anazo, ila hazijatengenezwa sawasawa. Dawa inakaa kwenye ribosomu ya bakteria kama ufunguo kwenye kitasa chake. Kwenye ya kwako, ufunguo unagoma.

Ukielewa tofauti hiyo, utaelewa pia kwa nini antibayotiki haiponyi mafua, kwa nini sindano fulani za TB ziliwaharibia watu masikio, na kwa nini mbegu ya nyonyo ni sumu wakati mafuta yake unapaka kwenye nywele.

Kwanza, ribosomu inafanya nini?

Inatengeneza protini. Himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu ni protini. Insulini ni protini. Kingamwili zinazopambana na maradhi ni protini. Misuli yako imejengwa kwa protini. Zote zimetoka kwenye ribosomu.

Kazi yenyewe inafanana na kutunga shanga. Kuna aina 20 za shanga, na wanasayansi wanaziita asidi za amino. Maelekezo ya shanga ipi ifuate ipi yameandikwa kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli. DNA haitoki kiini. Badala yake inatolewa nakala, kama fotokopi hivi, inayoitwa RNA mjumbe. Nakala hiyo ndiyo inapelekwa kwenye ribosomu.

Ribosomu inaisoma herufi tatu tatu. Kila herufi tatu zinataja shanga moja. Zikitajwa, shanga inaunganishwa, kisha ribosomu inasogea hatua moja mbele.

Kwa binadamu, ribosomu moja inaunganisha takribani shanga 5 kwa sekunde. Himoglobini ina minyororo minne, na mmoja wapo una shanga 146. Ukipiga hesabu, mnyororo huo unakamilika ndani ya kama nusu dakika. Na seli yako moja tu inaweza kuwa na ribosomu zinazofika milioni 10.

Ni ndogo kiasi gani?

Ribosomu ya binadamu ina upana wa kama nanomita 25 hadi 30. Yaani ukizipanga kwenye mstari, zaidi ya 30,000 zinaenea ndani ya milimita moja. Hadubini ya kawaida ya maabara haiwezi kukuonyesha ribosomu moja moja.

Ndiyo maana ilichelewa kujulikana. Mwaka 1955, George Palade, mzaliwa wa Romania aliyekuwa akifanya kazi New York, alieleza chembe ndogo alizoziona ndani ya seli kwa kutumia hadubini ya elektroni. Jina ribosomu lilianza kutumika mwaka 1958. Mwaka 1974 Palade alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na Christian de Duve.

Vipande viwili vinavyokutana kazini

Ribosomu si kitu kimoja kizima. Ina vipande viwili, kidogo na kikubwa. Wakati hakuna kazi, vinakaa mbalimbali. Ujumbe ukifika, vinaukumbatia kwa pamoja na kuanza kutunga.

Kwenye seli zenye kiini, kama za binadamu, ng'ombe, mahindi na hamira, vipande hivyo ni:

• Kipande kidogo, 40S. Hiki ndicho msomaji. Kwa binadamu kina uzi mmoja wa RNA wenye herufi karibu 1,870, pamoja na protini 33. Kazi yake ni kuhakikisha shanga inayoletwa ndiyo iliyotajwa kwenye ujumbe.

• Kipande kikubwa, 60S. Hiki ndicho fundi. Kina nyuzi tatu za RNA, mrefu zaidi ukiwa na herufi kama 5,000, pamoja na protini 47. Hapa ndipo shanga zinaunganishwa.

Vikiungana, unapata ribosomu nzima inayoitwa 80S.

Ngoja kwanza. 40 na 60 si ni 100?

Ingekuwa 100 kama S ingekuwa inapima uzito. S inapima kasi ambayo kitu kinazama kikizungushwa kwa nguvu kubwa kwenye mashine ya maabara. Imepewa jina la Theodor Svedberg, mkemia wa Uswidi. Kasi ya kuzama inategemea uzito na pia umbo, na vipande vikishikana umbo linabadilika. Kwa hiyo namba hizi hazijumlishwi kama shilingi.

Vyumba vitatu na handaki

Katikati ya vipande hivyo viwili kuna nafasi tatu. Wanasayansi wanaziita A, P na E.

Shanga mpya inaletwa na mbebaji wake, RNA ndogo inayoitwa RNA mbebaji. Anaingilia A. Kwenye P amesimama mwenzake aliyeshika mnyororo uliokwisha kutungwa. Mnyororo unahamishiwa kwa aliyeko A, naye anasogea P. Yule wa zamani, ambaye sasa hana mzigo, anatokea E. Nafasi ya A inabaki wazi kwa anayefuata.

Mnyororo unaorefuka hautoki hovyo. Unapita kwenye handaki jembamba ndani ya kipande kikubwa, kisha unachomoza upande wa pili. Likumbuke hili handaki, tutalirudia.

Kuna jambo moja liliwashangaza wataalamu wenyewe. Vitu vingi vinavyofanya kazi ya kikemia mwilini ni protini, kwa hiyo ungetegemea protini za ribosomu ndizo zinaunganisha shanga. Picha za kina zilionyesha vingine. Kazi hiyo inafanywa na RNA. Protini nyingi ziko pembeni, zikiikunja RNA, kuishikilia na kuisaidia.

Inajengewa wapi?

Ndani ya kiini cha seli kuna sehemu nzito inayoitwa kiini kidogo. Hapo zinatengenezwa nyuzi tatu kati ya nne za RNA za ribosomu. Uzi wa nne, ulio mfupi, unatengenezwa sehemu nyingine ya kiini na kuletwa.

Protini zake nazo zinatungwa nje ya kiini. Na nani? Na ribosomu zilizotangulia. Kisha zinaingia kiini, zinafungwa kwenye RNA, na vipande vilivyokaribia kukamilika vinatoka kupitia matundu ya kiini. Nje vinamaliziwa.

Hii safari ndefu ina hatari zake. Kuna ugonjwa wa nadra wa kurithi unaoitwa Diamond-Blackfan, ambapo mtoto anashindwa kutengeneza chembe nyekundu za damu za kutosha. Kwa takribani robo ya wagonjwa, tatizo liko kwenye maelekezo ya protini moja tu ya kipande kidogo, iitwayo RPS19. Kati ya protini 80, moja ikipungua, uboho ndio unaumia mapema.

Yako na ya bakteria: ziweke pembeni uone

Bakteria hana kiini. Ribosomu yake ni ndogo na nyepesi:

• Bakteria: 70S, yenye vipande vya 30S na 50S. Nyuzi 3 za RNA, protini 50 na ushee.

• Wewe: 80S, yenye vipande vya 40S na 60S. Nyuzi 4 za RNA, protini 80.

Kwa uzito, ya binadamu inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya bakteria.

Ukizilinganisha kwa ndani, kiini cha mashine kinafanana sana. Vyumba A, P na E vipo kote. Handaki lipo kote. Ziada ya kwako iko zaidi kwa nje: vipande vya RNA vilivyorefuka na kuchomoza kama matawi, na protini ambazo bakteria hana.

Kuipiga picha mashine hii kwa undani kulichukua miaka mingi. Mwaka 2000 zilitoka picha za kina za vipande vya ribosomu za viumbe visivyo na kiini. Kazi hiyo iliwapa Venkatraman Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2009. Kubwa za 80S zilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 2011 timu ya Marat Yusupov huko Strasbourg, Ufaransa, ilichapisha picha ya kina ya ribosomu nzima ya hamira. Mwaka 2015 timu ya Bruno Klaholz, pia Strasbourg, ikachapisha ya binadamu.

Herufi moja inayokuokoa

Sasa turudi kwenye kidonge chako.

Azithromaisini na erithromaisini zinaingia kwenye lile handaki la ribosomu ya bakteria na kuliziba. Mnyororo wa protini unakwama njiani, bakteria anakosa protini anazohitaji.

Ili dawa ishike, inahitaji kuegemea herufi fulani ya RNA kwenye ukuta wa handaki. Kwa bakteria, herufi hiyo ni A. Kwenye ribosomu zako za 80S, mahali hapo hapo kuna G. G ina sehemu ndogo inayochomoza na kuisukuma dawa. Dawa inakosa pa kukaa.

Doksisaiklini yenyewe inalenga kipande kidogo, inaziba njia ya RNA mbebaji kuingia chumba A. Gentamaisini na streptomaisini nazo zinashika kipande kidogo, na zinaifanya ribosomu isome vibaya, iweke shanga zisizo zake.

Angalizo: si kila antibayotiki inagusa ribosomu. Amoksilini inavuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, ukuta ambao seli zako hazina. Siprofloksasini inavuruga vifaa vinavyoshughulikia DNA ya bakteria. Lakini wazo ni lile lile: mpige mvamizi pale alipo tofauti na wewe.

Usugu unaanzia hapo hapo

Bakteria nao wana ujanja wao. Baadhi wana kimeng'enya kinachobandika kemikali ndogo juu ya ile ile herufi A kwenye handaki. Herufi inafunikwa, dawa haina tena pa kuegemea, bakteria anaendelea kutunga protini zake bila wasiwasi. Maelekezo ya kimeng'enya hicho yanaweza kuhamishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Kila unapotumia dawa bila sababu, wale wasio na ujanja huo wanadhoofika na wenye nao wanabaki peke yao wakiwa na nafasi ya kuongezeka. Siku ukiugua kweli, dawa ile ile inaweza isikusaidie.

Mafua je?

Mafua ya kawaida na homa ya mafua vinasababishwa na virusi. Na virusi hivyo havina ribosomu. Hata moja.

Kirusi kinaingia na maelekezo yake tu, kisha kinatumia ribosomu zako kutengeneza protini zake. Kwa hiyo doksisaiklini ikiingia mwilini kutafuta ribosomu ya adui, haina cha kushika. Ribosomu inayofanya kazi ya kirusi ni ya kwako, na hiyo ndiyo dawa imetengwa nayo. Ukinunua antibayotiki kwa ajili ya mafua, unalipia usugu.

Na malaria?

Hapa kuna kitu kizuri. Kimelea cha malaria, Plasmodium, si bakteria. Kina kiini, na ribosomu zake kuu ni za 80S kama zako. Kwa hesabu ya haraka, doksisaiklini isingekigusa.

Lakini ndani yake kina kifuko kidogo kilichotokana na kiumbe cha jamii ya mwani kilichomezwa zamani sana. Kifuko hicho bado kina ribosomu zake za mtindo wa kibakteria, na kimelea hakiwezi kuishi bila huduma zake. Doksisaiklini inazishika hizo.

Ndiyo sababu baadhi ya wasafiri wanaokuja maeneo yenye malaria huandikiwa doksisaiklini ya kila siku kama kinga. Tatizo ni kwamba inafanya kazi taratibu, madhara yake yanaonekana kwenye kizazi kinachofuata cha vimelea. Ukiumwa malaria leo, huna muda wa kuisubiri peke yake. Tiba ni dawa mseto unayopewa baada ya kupima.

Pale tofauti inapokuwa ndogo: masikio

Wewe pia una kitu kama kile kifuko. Seli zako zina mitokondria, mitambo midogo ya nishati iliyotokana na bakteria wa zamani sana. Mitokondria zina ribosomu zake, na zinafanana zaidi na za bakteria kuliko zile 80S zako.

Hapo ndipo baadhi ya dawa zinakosea njia. Sindano za kundi la gentamaisini, streptomaisini, kanamaisini na amikasini zinaweza kuua seli za ndani ya sikio zinazopokea sauti. Kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Ukizipoteza, usikivu haurudi.

Chanzo cha madhara hayo si kimoja, ila mitokondria ni sehemu ya mkasa. Mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba watu wenye badiliko la herufi moja kwenye RNA ya ribosomu za mitokondria, kutoka A kwenda G kwenye nafasi ya 1555, wako kwenye hatari kubwa ya kuwa viziwi kwa dawa hizi. Badiliko hilo linaifanya ribosomu yao ya mitokondria ifanane zaidi na ya bakteria, na dawa inashika vizuri zaidi. Linarithiwa kutoka kwa mama.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa TB sugu walichomwa sindano za aina hii kwa miezi, na wengine walipona TB wakabaki hawasikii. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kutanguliza dawa za kumeza kwa TB sugu, na kanamaisini ikaondolewa kwenye orodha ya zinazopendekezwa.

Sindano hizi bado zinaokoa maisha, mfano gentamaisini kwa watoto wachanga wenye maambukizi makali. Usizikatae mgonjwa wako akiandikiwa. Ila kama upande wa mama kuna ndugu waliopoteza usikivu baada ya sindano, mwambie daktari mapema. Na wakati wa matibabu, mlio masikioni au kizunguzungu ni vya kusema siku hiyo hiyo.

Nyonyo: sumu inayolenga ribosomu yako

Sasa geuza mambo. Je, kuna kitu kinachoshika ribosomu yetu na kuiacha ya bakteria?

Kipo, tena pengine kimeota nyuma ya nyumba yenu. Mbegu za mnyonyo, ambao wengine wanauita mbarika, zina sumu iitwayo risini. Mwaka 1987 watafiti wa Japani, Yaeta Endo na Kunio Tsurugi, waligundua inavyofanya kazi. Risini inakata sehemu ya herufi moja tu, A moja, kati ya zile karibu 5,000 kwenye uzi mrefu wa kipande kikubwa. Ribosomu iliyokatwa hapo haitungi tena protini.

Molekuli moja ya risini ikishaingia kwenye seli inaweza kuzima ribosomu zaidi ya 1,000 kwa dakika. Wakati huo huo, ribosomu kamili za bakteria anayeitwa E. coli haziguswi. Ni kama antibayotiki iliyogeuzwa upande.

Mafuta ya nyonyo je? Risini inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Mbegu zikikamuliwa vizuri, sumu inabaki kwenye mashudu. Kwa hiyo mafuta yaliyotayarishwa kitaalamu hayana shida hiyo, lakini mashudu mabichi usimpe mfugo, na mbegu zisiachwe mahali watoto wanachezea. Hatari kubwa ni mbegu iliyotafunwa, kwa sababu ganda gumu likipasuka sumu inatoka. Mtoto akitafuna, mpeleke hospitali mara moja, hata kama bado hajaanza kutapika. Risini haina dawa maalumu ya kuiondoa, matibabu ni kumsaidia mgonjwa mapema.

Ukifika duka la dawa

Maswali matatu yanatosha:

1. Ugonjwa wangu ni wa bakteria, au ni virusi? Kama hakuna kipimo wala daktari aliyeona, subiri kwanza kabla ya kununua.

2. Dozi ni siku ngapi? Fuata uliyoandikiwa, usimgawie jirani vidonge vilivyobaki.

3. Kuna dalili gani nikiiona nirudi haraka?

Kati ya dawa yako na madhara, mara nyingine kinachosimama ni herufi moja ya RNA. Kwa bakteria anayejifunza usugu, herufi hiyo hiyo ndiyo anaifunika.